Mgongo wa Zulia

Ogulbike alilipindua zulia hata kabla salamu hazijaisha. Uso wa zulia hudanganya. Mwanamke aliyekuja kuposa hutazama mgongo.

Enejan, mwenye hema, alimmiminia chai ya kijani na kumsogezea mkate wa tanuri uliokuwa bado moto.

"Angalia mpaka uridhike, dada. Binti yangu Maral kalifuma peke yake. Mimi sikutia hata fundo moja."

Ogulbike alipitisha vidole vyake, ambavyo havikunyooka tena. Mafundo yalikuwa madogo kama punje za ufuta, yamebanana, hakuna safu iliyoyumba. Moyo ukamruka. Hatimaye! Alikuwa amechoka. Amechoka mgongo, amechoka macho, hata usingizini alikuwa akifunga mafundo. Alikuwa amezunguka kambi kwa kambi juu ya punda, akimwomba Mungu ampe mikono mingine nyumbani kabla mikono yake haijakataa kabisa.

"Kwetu kuna vitanda viwili vya kufumia," alisema. "Kimoja kimekaa bure."

"Hakitakaa tena! Mchukue, awe kama mwanao." Enejan alishusha sauti. "Baridi ya mwaka huu imetumalizia kondoo, dada, na midomo ni mingi. Kwenu angalau atashiba."

Maral akaingia na kapu la sufu. Alikuwa na miaka kumi na minane na mabega yaliyonyooka. Mama yake alipotoka kuongeza maji ya chai, msichana alimsogelea mgeni.

"Shangazi, nikuulize kitu? Kwenu huwa mnapumzika lini?"

"Zulia likiisha."

"Na likiisha?"

"Linapelekwa sokoni Merv. Tunaanza lingine."

Maral alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akaviona vile vidole, akaacha kucheka. Akaketi chini na kuanza kuvikanda, kimoja baada ya kingine, bila kuombwa.

Ogulbike hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumshika mikono hivyo. Alimwonea huruma yule binti, akajionea huruma na yeye mwenyewe, na kwa muda hakujua ni ipi iliyokuwa ikimuuma zaidi.

"Kamsaidie mama yako, mwanangu," alisema.

Alipobaki peke yake alichomoa kisu chake cha kukatia nyuzi. Akachokoa mafundo machache ukingoni mwa zulia, akayalegeza, kisha akajipangusa vumbi la sufu kwenye gauni.

"Binti yako hafungi vizuri," alimwambia Enejan aliporudi. "Tazama hapa. Limeanza kufumuka."

Enejan aliinama, asiamini macho yake. "Mafundo mawili matatu tu! Mchagua jembe si mkulima, dada!"

"Basi mimi si mkulima. Usiwe na wasiwasi, sitamwambia mtu. Atapata wengine."

Maral alisimama mlangoni na birika mkononi, machozi yakimlengalenga. Alijua hakuwahi kuacha fundo legevu maishani mwake. Ogulbike alipita pembeni yake bila kuthubutu kumtazama, akapanda punda wake kwa shida.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu na upepo wa mchanga ulimpiga usoni njia nzima. Mgongo ulimuuma. Alikuwa ameikataa mikono mizuri kuliko yote aliyoiona tangu aanze kutafuta, na alijua hatapata mingine kama ile.

Sahat alikuwa akimngoja nje ya hema, amevaa joho jipya, ndevu amezipaka hina.

"Vipi," aliuliza mumewe, "ananifaa?"

"Hakufai," alisema Ogulbike, akaenda kukaa kwenye kitanda chake cha kufumia, akaokota chanuo la kushindilia mafundo.