Nyumba Isiyopangisha Makapera

Mkanda ulilia mara ya nne, na mwanamke wa chumba cha pili akapiga ukelele. Mshonaji akaondoa mguu kwenye cherehani. Ilikuwa Jumapili alasiri, wapangaji wote wako ndani, na wote walijifanya hawasikii.

"Nihurumie, mume wangu, utaniua."

"Nikuue nani ataniuliza?" ikaunguruma sauti ya kinyozi. Mkanda ukalia tena.

Mshonaji akatoka uani. Mwenye nyumba alikuwa kibarazani, anakata kucha.

"Mzee, leo anamtoa roho."

"Mambo ya mtu na mkewe hayo, mama. Wewe shona."

"Miezi mitano nashona nikisikia haya. Yule dada sijamtia machoni hata mara moja tangu wahamie."

"Atatokaje na uso umevimba?" Mzee alipuliza wembe wake. "Kinyozi ni mtu wa heshima, ana mke. Wewe huwajui makapera. Kapera maana yake ni mtu asiye na wa kumsubiri nyumbani, na mtu wa hivyo haogopi kitu. Atakuletea ulevi, atakodolea macho mabinti wa watu. Mimi kapera simpangishi, hata aje na barua ya hakimu."

Heshima hiyo mshonaji hakuijua. Alilojua yeye ni gauni moja la kijani, lililoanikwa kila Jumamosi, na kinyozi ndiye aliyelianika. Kwa jicho la kazi yake alikwisha kuona kwamba kwapani halijafumuka hata uzi. Maskini, aliwaza, hata jasho la kutembea hapewi.

Kitu kizito kikaanguka kule ndani. Sauti ya kike ikakoroma, kisha ikakatika.

Mshonaji akalinyakua shoka la kuni lililoegemea ukuta.

"Vunja mlango wangu," mzee akasema, sasa amesimama, "na wewe kesho utafute pa kuhamia."

"Nitahama. Bora nihame kuliko kulala ukuta mmoja na maiti."

Komeo likaachia kwa pigo la tatu. Wakaingia wote wawili, mzee nyuma akitukana.

Chumbani mlikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, na godoro lililosimamishwa ukutani, limeraruka kwa mapigo, pamba imetapakaa sakafuni. Kinyozi alikuwa amepiga magoti mbele yake, kifua wazi, mkanda mkononi, jasho linamchuruzika. Mshonaji akachungulia nyuma ya godoro. Akatazama nyuma ya mlango. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mkeo yuko wapi?" mzee akauliza.

Kinyozi hakulitazama shoka. Alimtazama mwenye nyumba.

"Mzee, usinifukuze," akasema, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya mkewe.