Skuta Inayokunywa Marahaba

Skuta mpya ya Tusekile hainywi petroli. Inakunywa marahaba za wazee. Mzee mmoja akiitikia, mshale wa mafuta unaruka juu, na mlima wote wa Tukuyu unapandwa kama tambarare.

Siku aliyoitoa dukani Tusekile alikuwa hashikiki. “Shikamoo babu! Shikamoo bibi!” Sokoni kwenye ndizi, nje ya kanisa, hata wazee wasiomjua waliitikia, naye akapaa, kitenge kikipepea.

Jioni aliingia uani kwa kishindo, skuta ikinguruma.

“Shikamoo, mama!”

Mama yake aliacha kupepeta mchele. Marahaba haikumtoka.

“Unaniamkia mimi, mwanangu,” aliuliza taratibu, “au unajaza chombo?”

Tusekile alifungua kinywa aape, lakini macho yake yalikuwa yameshashuka kwenye mshale.