Zana ya Mstari wa Saba

Skripti, orodha ya amri inayojiendesha yenyewe, ilizipekua zana za kuundia programu ya mashine za kupumulia, na kila mstari kwenye skrini ukajibu: ipo.

"Zote zipo, dada. Bonyeza 'unda' basi, wali unapoa," mfanyakazi mwenza wa Yi-chun alisema, akipapasa pakiti ya kijani ya vitafunio waliyoiweka juu ya seva kama hirizi, ili mashine isigome.

Yi-chun hakubonyeza. Skripti huchukua zana ya kwanza yenye jina inalolitaka, haiulizi ni ya nani. Zana ya mstari wa saba ilitoka kwenye folda ya mkuu wao, waliyemzika mwezi wa pili.

Ilibadilishwa juzi.

"Toleo la programu tuliloliunda jana limeshafika hospitali?" Yi-chun aliuliza.

Mwenzake aliigeuza pakiti, akaitazama tarehe ya kuisha.

"Limefika," akasema. "Wagonjwa wanalipumulia."