Kibiriti Kwenye Koti

Kibiriti kilikuwa kizito mno kuwa na njiti. Fundi cherehani alikikuta kwenye mfuko wa koti la mumewe, mfuko uliofumuka ambao alitaka kuushona, na mumewe hakuwahi kuvuta sigara. Alikifungua. Kilijaa chumvi.

Aliigusa kwa kidole kilichochomwa na sindano asubuhi ile. Kikamwasha hadi kwenye mfupa.

Miezi saba sasa, tangu daktari amkataze mumewe chumvi, alikuwa akikamua ndimu kwa vidole hivi hivi vyenye matundu. Alijaribu kitunguu saumu, tangawizi, siki, bizari. Nyumba nzima ilikula chakula chapwa ili mtu mmoja asijione mpweke. Presha ilipogoma kushuka, alijilaumu mwenyewe, akaongeza ndimu.

Na mzee huyo kila siku alijilamba midomo: "Mke wangu, mkono wako hauhitaji chumvi." Kwa maneno hayo alivimba kichwa hata akawa anawafundisha wateja wake kupika vile.

"Bado tu?" mumewe aliita kutoka sebuleni. "Njaa inaniuma."

Alichukua sahani ya mzee ikiwa tupu, akaweka kibiriti katikati, akaifunika kwa sahani nyingine. Akaitua mezani taratibu, bila kishindo.

Mzee alisogeza kiti, akanusa. "Leo umetupikia nini, mama watoto?"

"Kile unachokula siku zote, baba watoto. Funua."