Ukoo wa Preston

Kosa lilikuwa la Melchior mwenyewe. Siku ya kumwandikisha binti yake shule, aliulizwa kwa Kiingereza jina la ukoo, naye, fundi cherehani aliyefika juzi kutoka Burundi, akadhani anaulizwa anakokaa. Akataja jengo lao la mtaa wa Berea: Preston. Mtoto akakua na jina la ghorofa yenye lifti mbovu.

Leo binti ana miaka ishirini, anatafuta kazi, na meneja wa kizungu anaisoma fomu yake huku akitabasamu.

"Preston! Mama yangu ni wa Preston. Ni kijiji cha Uingereza, maana yake kijiji cha padri. Watu walitoka huko na jina lao, wakasambaa dunia nzima. Nyinyi mliangukia wapi?"

"Durban," binti akasema bila kupepesa. "Babu yangu alikuwa baharia."

Melchior, aliyeketi kando, nusura acheke. Babu huyo alichunga ng'ombe Rutana, Burundi, na bahari hakuiona hata kwenye picha.

"Na huyu mzee?"

Binti akashika pindo la sketi yake mpya, lenye mishono midogo kama punje za ulezi.

"Fundi wa mtaani kwetu. Amenisindikiza tu."

"Fundi? Bahati yangu. Suruali hii inaburutika chini."

Melchior akamtazama binti. Binti alikuwa anatazama fomu, ambayo meneja alikuwa bado hajaitia sahihi.

Akatoa futi mfukoni, akapiga goti miguuni pa meneja.

"Sharp, sawa bosi," akasema. "Simama wima."