Kichwa Kilichoinama

Mlango wa mwisho wa merikebu ya angani ya adui ulianguka, na Lekishon akaingia, deraya yake nzito ikigonga sakafu, bunduki mbele.

Tangu mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya, merikebu ile ilikuwa imetanda juu ya nyika ya Mikumi, ikiwatazama watu na ng'ombe wao. Alfajiri kikosi chake kilipaa kwenda kuiteka. Sasa kilibaki chumba hiki tu.

"Maliza, ndugu," sauti ya kamanda ilisema ndani ya kofia ya chuma. "Asibaki hata mmoja."

Alikuwamo kiumbe mmoja, mdogo, asiyemfika kiunoni. Hakukimbia. Alijongea hadi kwenye mdomo wa bunduki, akainamisha kichwa, akangoja.

Lekishon aliganda. Hivyo ndivyo watoto wa kwao wanavyowaamkia wakubwa: huinama, na mkubwa huwagusa utosini. Kumbe siku zote walipotazamwa kutoka juu, kuna mtoto alikuwa akijifunza.

"Kichwa kilichoinama hakiachwi hivihivi," baba yake alizoea kusema, "hata kiwe cha mtoto wa mwizi wa ng'ombe."

Aliitazama glovu yake, iliyokuwa ikivunja vyuma tangu asubuhi. Kwenye utosi ule mshipa mwembamba ulikuwa ukipiga.

"Ndugu Lekishon, umemaliza?"

Walikuwa wameonywa kwamba hewa ya mle huunguza ngozi. Lekishon aliegemeza bunduki ukutani, akaanza kuivua glovu.