Tumbo la Nondo wa Masumbwe

Kuku alikula tumbo, akaacha mabawa.

Nkwabi alimfukuza kwa kofia, lakini alikwishachelewa. Pale kwenye ubao wa kukaushia alibaki nusu nondo: yule wa kijivu mwenye madoa mekundu, ambaye Bwana Nondo, Mzungu wa utafiti wa wadudu, alikuwa amemsaka katika pori la Masumbwe msimu mzima wa mvua. Alikuwa mmoja tu.

Msaidizi aliyemtangulia Nkwabi alifukuzwa kwa kuvunja kipapasio cha mdudu mmoja. "Mdudu akishikwa ovyo si ushahidi tena," Bwana alizoea kufoka. "Ni uongo!"

Basi Nkwabi akatafuta nondo wa kawaida, hawa wanaojigonga kwenye taa, akamkata tumbo na kulibandika kwa gundi ya mgunga. Bwana aliporudi alijifungia chumbani na kisanduku chenye mdudu huyo mpaka jioni. Kesho yake mdudu akasafirishwa Uingereza.

Mwaka uliofuata, 1952, majibu yakaja.

"Ni mpya kabisa," Bwana alisema, wala hakutabasamu. "Hawajapata kuona tumbo la namna hii kwenye mabawa ya namna hii. Nimewaomba wampe jina lako. Langu sikulitaka."

Jina lile halikuwa la Nkwabi peke yake. Alilirithi kwa babu yake, mzee ambaye watu walimwita kuamua kesi za ng'ombe kwa sababu hakujua kusema uongo. Na mama yake, Mageni, hakungoja kuambiwa mara mbili. Siku hiyohiyo aliloweka mtama. Jumapili ukoo ungekusanyika, pombe imwagwe kaburini, na babu aambiwe kwamba jina lake limeandikwa Ulaya.

"Mayu, tusubiri kidogo," Nkwabi alimsihi.

"Tusubiri nini, mwanangu? Babu yako asikie habari zimeshapoa?"

Maneno hayo yalimkata maini. Kumdanganya Mzungu alikuwa ameweza, tena bila kutetemeka. Kwenda kusimama kaburini na kumdanganya babu mbele ya ukoo mzima, hapana. Heri kazi iishe.

Jumamosi asubuhi alimfuata Bwana barazani, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba."

"Naomba lile jina lifutwe. Tumbo la yule nondo nilibandika mimi. La kwake lililiwa na kuku."

Bwana Nondo aliweka kikombe chini. Uso ulimwiva, midomo ikamcheza. Nkwabi aliinamisha kichwa, akangoja kufukuzwa.

"Tumbo?" Bwana aliuliza kwa sauti ndogo. "Tumbo tu?"

"Tumbo tu, Bwana. Nisamehe."

Bwana alinyanyuka, akafunga mlango wa jikoni ili mpishi asisikie, kisha akaketi tena, mzito.

"Nkwabi," alisema, "siku ile nilijifungia kwa sababu alinivunjikia mkononi. Mabawa nilibandika mimi."